Barua ya mwaliko imeandikwa kwa jina la nani? Safari za mafunzo tunazolipiwa na wauzaji wa vifaa tiba

FundiVifaa (mleta uzi)

Wakuu habari za jioni, na wakubwa wote shikamooni.

Uzi huu nimekaa nao moyoni muda mrefu. Mimi ni fundi wa vifaa tiba, mwaka wa 14 sasa niko hospitali za serikali hapa Tanzania. Ninachotaka tukiongee, kwenye korido zetu huwa kinasemwa kwa sauti ya chini: zile safari za mafunzo ambazo muuzaji wa mashine ndiye anayelipa tiketi, hoteli na posho.

Nianze na yangu.

Miaka kadhaa iliyopita, hospitali niliyokuwepo ilikuwa inajiandaa kununua mashine ya kupima picha kamili ya damu, ile tunayoiita FBP. Ya zamani ilikuwa imechoka. Sindano yake ya kunyonya sampuli nilikuwa nimeshaibadilisha mara tatu. Mganga Mfawidhi akateua watu watatu tuandike sifa za kiufundi za mashine mpya: mkuu wa maabara, mtu wa kitengo cha ununuzi, na mimi. Wiki ile ile mwakilishi wa kampuni moja, kijana tuliyezoeana naye, akanitumia faili kwa WhatsApp. Mwaliko wa mafunzo ya siku nne Zanzibar. Ndege juu yao, hoteli juu yao, na kitu kidogo cha mfukoni. Barua ilianza na jina langu, majina yote matatu, hayajakosewa hata herufi. Hospitali haikutajwa popote.

Nilikwenda. Nilitumia siku za likizo yangu, bosi nikamwambia kwa mdomo tu tukiwa mlangoni, akanitakia safari njema. Hakuna dokezo lililoandikwa, hakuna kilichopita masjala.

Mafunzo yenyewe yalikuwa mazuri, lazima niseme ukweli. Aliyetufundisha alikuwa anaijua mashine kutoka tumboni. Alifungua kifuniko akatuonyesha valvu moja baada ya nyingine, na mpaka leo natumia alichonifundisha kuhusu kuzibua kale katundu ambako seli hupita zikihesabiwa. Lakini kila siku tulimaliza saa saba mchana. Baada ya hapo ni ufukwe, boti, na chakula cha usiku meza moja na mkuu wa mauzo. Hakuna aliyeniomba kitu. Naomba hilo mlishike: hakuna hata mmoja aliyefungua mdomo kuniomba kitu.

Niliporudi tukakaa kuandika. Nikaweka kwamba mashine iweze kupima sampuli 60 kwa saa. Mkuu wa maabara akaniangalia akauliza, "Kwa nini 60? Sisi siku nzima hatufikishi 100." Nilikosa jibu. Namba ile niliitoa kwenye mashine niliyoiona Zanzibar. Nikaanza kupitia karatasi yangu upya, nikakuta hata ukubwa wa skrini nimeandika wa mashine ile ile. Baadhi tulirekebisha, mengine yakapita, na mwisho wa siku mashine iliyonunuliwa ni ile.

Ilikuwa ya mfumo uliofungwa. Maana yake inasoma alama kwenye chupa ya kitendanishi (kemikali ya kupimia), na ukiweka cha kampuni nyingine inagoma. Mwaka wa pili bei ya vitendanishi ikapanda, kufika Machi fungu la maabara limekwisha, mashine ikafunikwa kitambaa. Namkumbuka mama mmoja mjamzito, fomu ya kipimo iko mkononi, anaelekezwa avuke barabara akapime maabara ya mtu binafsi kwa hela yake. Nilikuwa nimesimama pale mlangoni na bisibisi mfukoni, na mashine ilikuwa nzima kabisa.

Sijui kama ingenunuliwa nyingine mambo yangekuwa tofauti. Ninachojua ni kwamba wakati naandika zile sifa, kichwani mwangu kulikuwa na mashine moja tu.

FundiVifaa

Naendelea.

Baada ya hapo nilianza kusoma, nilitaka kujua kama ni mimi tu. Siko peke yangu. Mwaka 1992 watafiti wawili wa Marekani, Orlowski na Wateska, walichapisha kazi yao kuhusu madaktari 20 wa hospitali moja waliopelekwa na kampuni za dawa kwenye semina za mapumziko, kila kitu kimelipiwa. Kumi walikwenda kwa dawa moja, kumi kwa nyingine. Kabla ya safari wengi wao walisema haitawabadilisha chochote. Watafiti wakaenda stoo ya dawa kuangalia matumizi kabla na baada. Dawa ya kwanza ilitoka wastani wa yuniti 81 ikafika 272. Ya pili ilitoka 34 ikafika 87. Na hao si watu wabaya, ni madaktari wa kawaida waliokula, wakasikiliza mada, wakarudi kazini.

Utafiti mwingine wa 2001 uliwauliza madaktari walio mafunzoni kama zawadi za kampuni zinawaathiri. Asilimia 61 walisema wao haziwaathiri. Walipoulizwa kuhusu wenzao, asilimia 16 tu ndio walioamini wenzao nao hawaathiriki. Hapo nilijiona mimi mwenyewe kama nilivyo. Kila mmoja wetu anaamini mwenzake ananunulika kwa chakula cha usiku, ila yeye hapana.

Kesi inayogusa kazi yangu zaidi ni ya Olympus, watengenezaji wa kamera za kuangalia tumbo na utumbo. Machi 2016 tawi lao la Marekani lilikubali kulipa dola milioni 623.2 kumaliza mashtaka ya hongo kwa madaktari na hospitali. Soma mambo yaliyotajwa na Wizara ya Sheria ya Marekani: madaktari watatu walilipiwa safari ya Japani mwaka 2007 kama malipo ya hospitali yao kuacha vifaa vya mshindani na kuhamia kwa Olympus. Na upande wa Amerika ya Kusini na ya Kati, kampuni ilianzisha vituo vya mafunzo kwa madaktari wa hospitali za serikali, na kupitia vituo hivyo ikawa inawapelekea fedha na manufaa mengine. Kwa jina ni mafunzo. Kwa kazi yake ni hongo. Ndiyo maana neno "mafunzo" peke yake haliwezi kutusafisha.

Kwa hapa kwetu sheria zipo. Kanuni za maadili ya utumishi wa umma zinamzuia mtumishi kuomba au kupokea zawadi na fadhila zinazoweza kuyumbisha uamuzi wake wa kazi. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa, Na. 11 ya 2007, kifungu cha 15, inazungumzia manufaa, haikuishia kwenye pesa taslimu. Kifungu cha 17 kinagusa ununuzi moja kwa moja. Na ukiwa kwenye kamati ya tathmini ya zabuni unasaini tamko kwamba huna mgongano wa maslahi. Mtu aliyetoka Zanzibar juzi kwa tiketi ya mzabuni anasaini nini pale?

Lakini sisemi tukatae mafunzo. Mashine bila mafunzo ni chuma. Nimekuta mashine ya usingizi imekaa stoo miaka miwili kwa sababu aliyefundishwa kuiwasha alihamishwa. Ninachosema ni hiki: mafunzo ya mashine iliyonunuliwa ni sehemu ya bidhaa. Yaandikwe kwenye nyaraka za zabuni kabla mzabuni yeyote hajajitokeza: watumiaji wangapi, fundi wangapi, siku ngapi, wapi, na gharama iwe ndani ya bei. Hata ile safari ya kukagua mashine kubwa kiwandani kabla haijapakiwa melini, iandikwe humo. Hapo hospitali inakuwa imeyanunua mafunzo. Hakuna mtu aliyepewa zawadi, na mwajiri ndiye anayetaja nani aende.

Kwa hiyo swali langu la kwanza siku hizi nikiona mwaliko ni moja: barua imeandikwa kwa nani?

DaktariWilaya

Mkuu, nimekusoma mpaka mwisho na nakuheshimu kwa kufunguka. Ila naomba nikupinge kidogo.

Mimi niko hospitali ya wilaya. Mara ya mwisho mwajiri kunilipia mafunzo ilikuwa 2016. Leseni yangu inataka niendelee kujifunza, na mtandao wa kujisomea huku ni wa kubahatisha. Kuangalia moyo kwa ultrasaundi nilijifunza kwenye warsha ya siku tatu iliyolipiwa na kampuni inayouza hizo mashine. Hospitali yetu hata haikuwa na mpango wa kununua. Mwezi uliofuata akaja mama aliyejifungua wiki mbili zilizopita, anahema, miguu imevimba, kila mtu anasema ni upungufu wa damu. Nikaweka kile kifaa kifuani, moyo umetanuka na unasukuma kwa shida. Tukaanza dawa siku ile ile.

Ningekataa ile warsha kwa sababu ya maadili, yule mama ningemwambia nini? Haya mambo ya kukataa ni rahisi kwa aliye Muhimbili, anaweza kupata nafasi nyingine kesho. Sisi huku tukikataa ndiyo imetoka.

FundiVifaa

Dokta, hapo umenishika, na sitakujibu kwa haraka haraka.

Warsha yako haikuwa kosa kwa kuwa tu imelipiwa. Nakuuliza mambo mawili tu: nani alichagua jina lako, na mwajiri wako ana karatasi inayosema ulikwenda kwa gharama ya nani? Kama Mganga Mfawidhi ndiye aliyekuchagua na dokezo lipo kwenye jalada, mimi sina neno nawe.

Angalia Ulaya walivyofanya. Kampuni za vifaa tiba zilizo chini ya umoja wao, MedTech Europe, tangu tarehe 1 Januari 2018 ziliacha kumlipia daktari mmoja mmoja kwenda kwenye mikutano inayoandaliwa na watu wengine. Zinazotaka kusaidia zinatoa fedha kwa taasisi, hospitali au chama cha kitaaluma, na taasisi ndiyo inayochagua nani aende. Mafunzo ya kutumia kifaa chenyewe bado wanaruhusiwa kuyatoa, kwa masharti. Kwa hiyo pesa ya mafunzo haikufungiwa mlango. Imeelekezwa mlango wa mbele. Daktari wa wilaya naye anaweza kufikiwa kwa njia hiyo, na pengine zaidi kuliko sasa, maana kampuni ikichagua yenyewe inawachagua wanaonunua, na wewe umesema hospitali yenu haikuwa na mpango huo. Ulipata bahati. Nataka watu wa wilayani wasitegemee bahati.

Na yule mama, nashukuru sana ulikuwepo.

ZamaniMauzo

Nimejiunga leo kwa sababu ya uzi huu. Nilikuwa upande wa pili kwa miaka sita, nikiuza dawa kwanza, halafu vitendanishi vya maabara. Nitasema niliyoyafanya kwa mikono yangu, na kampuni sitaitaja.

Tulikuwa na jedwali. Safu ya kwanza jina, ya pili cheo, ya tatu "anaandika nini", ya nne "anasaini nini". Daktari anaandika dawa. Fundi anaandika sifa za mashine. Mkuu wa maabara anaandika oda ya vitendanishi. Mfamasia anapendekeza kinachoagizwa pale Bohari ya Dawa inapokosa. Nafasi za semina zikitangazwa tunashuka na jedwali lile, na si kuangalia nani anahitaji kujifunza. Kuna wauguzi waliokuwa wanashika mashine zetu usiku kucha na hawakuwahi kualikwa hata mara moja. Safu zao zilikuwa tupu.

Mleta uzi, umesema mwaliko ulikuja kwa WhatsApp. Sisi pia tulituma hivyo, na haikuwa kwa ajili ya haraka. Barua ikipita masjala inapigwa mhuri, inakwenda kwa Mganga Mfawidhi, naye anaweza kusema "huyu tayari alikwenda mwaka jana, aende fulani". Tukampoteza mtu wetu. Ndiyo maana swali lako la jina ni swali zito kuliko unavyofikiri.

Na kweli hatukuomba kitu. Tulifundishwa tusiombe. Tulikuwa tunaangalia oda za miezi mitatu inayofuata, basi.

Njia ya kupitisha gharama nayo iangaliwe. Kule China mwaka 2014 kampuni ya dawa ya GSK ilipigwa faini ya yuan bilioni 3, na uchunguzi ulionyesha mawakala wa safari walitumika kupitisha fedha za hongo. Wakala anaandika mkutano, tiketi, ukumbi, na kwenye karatasi kila kitu kinaonekana ni elimu. Kwa hiyo ukilipiwa, waambie waandike kila kitu kwa hesabu: nauli kiasi gani, hoteli usiku ngapi, posho ngapi. Anayekataa kukuandikia hesabu, mkatae na wewe.

Nesi_wa_Pwani

Salamu kutoka Mombasa. Huku Kenya jambo hili liko hadi kwenye Katiba. Ibara ya 76 ya Katiba ya 2010 inasema zawadi anayopewa afisa wa serikali kwenye shughuli ya umma ni ya Jamhuri. Sheria ya Uongozi na Maadili ya 2012 ikaleta rejista za zawadi. Na mwaka 2025 tumepata Sheria ya Mgongano wa Masilahi, inayosimamiwa na EACC, tume yetu ya maadili na kupambana na rushwa.

Lakini nawaambia ukweli, dada zangu na kaka zangu: nimefanya kazi wadi tatu tofauti na sijawahi kuiona hiyo rejista kwa macho. Nilipouliza niliambiwa iko ofisini kwa mkubwa. Kitabu cha zawadi kikifungiwa kabatini, mwuguzi wa zamu atajuaje kwamba wauzaji wa pampu aliyoletewa ndio waliompeleka matroni Naivasha?

MuuguziUghaibuni

Asalaam aleikum wote. Mimi mzaliwa wa Tanga, muuguzi huku Marekani. Niongezee kwenye alilosema dada wa Mombasa kuhusu kitabu kufungiwa.

Huku kitabu kiko wazi. Sheria ya afya ya 2010 ilibeba kifungu kinachowataka watengenezaji wa dawa na vifaa waripoti serikalini wanachompa daktari au hospitali ya kufundishia: chakula, safari, ada ya kuzungumza na mengine. Takwimu zilianza kuwekwa hadharani Septemba 2014, na mtu yeyote akiwa na simu anaandika jina la daktari wake anaona. Kuanzia takwimu za 2021 wakaingizwa na wauguzi wenye mamlaka ya kuandika dawa. Sisi wauguzi wa kawaida hatumo.

Takwimu hizo ndizo zilizowezesha utafiti wa 2016 uliopitia madaktari karibu 280,000. Daktari aliyelipiwa hata mlo mmoja tu, kwa wastani chini ya dola 20, alikuwa anaiandika dawa ya kampuni ile zaidi ya mwenzake ambaye hakulipiwa, na milo ikiongezeka maandiko nayo yaliongezeka. Watafiti wenyewe walisema wameonyesha uhusiano, hawakuthibitisha kwamba mlo ndio sababu. Ila sahani moja, jamani, na tunaongelea ndege na hoteli.

Pale ninapofanya kazi, mtu wa kampuni akija kutufundisha pampu mpya haji na chakula. Anafundisha, anasaini alipoingia na alipotoka, anaondoka. Mwanzoni niliona ni ukali uliopitiliza. Sasa hivi naona inanipa raha, nauliza maswali magumu bila kuona haya kwa sababu sijala chake.

Kijana_Mfamasia

Vipi kuhusu kalamu, kalenda na mikoba? Mezani kwangu ziko kumi.

FundiVifaa

Mdogo wangu, hata kampuni zenyewe zimeshajiwekea mipaka hapo. Kanuni za watengenezaji dawa wa Marekani ziliacha kalamu na vikombe vyenye majina ya dawa tangu 2009, na umoja wao wa kimataifa, IFPMA, ulipiga marufuku zawadi binafsi kwa wahudumu wa afya kuanzia 2019. Ziondoe tu mezani. Mgonjwa anasoma hayo majina wakati unamhesabia vidonge.

FatmaMaabara

Shikamoo kaka FundiVifaa, na wengine wote. Nina jambo liko mezani sasa hivi, naomba mnisaidie kabla ya Ijumaa.

Mimi ni mteknolojia wa maabara, mwaka wa tatu kazini. Mashine yetu ya kupima kemia ya damu hatukuinunua, tumewekewa. Kampuni imeleta mashine bure na sisi tunanunua vitendanishi kwao. Wamenialika mafunzo ya siku tatu Dar es Salaam, mimi niko Dodoma. Wanalipa nauli, hoteli, chakula na posho ya kila siku. Mwaliko umekuja kwa simu yangu, kwa jina langu. Mimi ndiye ninayehesabu stoo na kuandaa oda kila mwezi, mkuu anasaini. Mkataba ulishasainiwa zamani, mimi sikuwepo hata kazini. Kwa hiyo nilijua niko salama. Baada ya kusoma hapa silali.

FundiVifaa

Marahaba mdogo wangu. Lala. Kitu bado hakijaharibika.

Kwanza hiyo ya kuwekewa mashine watu wengi hawaielewi. Mkataba umesainiwa, ndiyo, lakini uamuzi haukwisha siku ile. Kila oda ya mwezi ni uamuzi. Unaagiza chupa ngapi, unaweka akiba ya wiki ngapi, zikikaribia kuisha muda unazirudisha au unazinyamazia, mashine ikianza kutoa majibu ya ajabu unaandika lalamiko au unamalizana nao kwa simu. Na mkataba ukifika mwisho, mkuu atakuuliza wewe: hii mashine tuendelee nayo? Kwa hiyo wewe unayehesabu stoo uko karibu na uamuzi kuliko anayesaini. ZamaniMauzo atakuambia uko safu ya tatu.

Sasa fanya hivi. Mjibu huyo mwakilishi kwa ustaarabu, mwambie unashukuru, na barua aiandike kwa Mganga Mfawidhi, aseme nafasi ngapi zipo na mada ni zipi, asitaje jina la mtu. Ipite masjala. Halafu andika dokezo kwa mkuu wako wa maabara, nusu ukurasa inatosha: kwamba ulipokea mwaliko tarehe fulani kwa simu, kwamba wewe ndiye unayeandaa oda za kampuni hiyo, na kwamba unaomba uongozi uamue kama mafunzo yanahitajika na nani aende. Mwombe pia aangalie mkataba. Mara nyingi mafunzo ya kila mwaka yameandikwa mle ndani na hakuna anayekumbuka. Yakiwemo, hiyo ni haki ya hospitali, si hisani ya mtu.

Posho ndiyo mahali watu wengi wanapoteleza. Wakikulipia kitanda na chakula, usichukue tena posho ya kitanda na chakula kwa mwajiri. Kitanda kimoja hakilipwi mara mbili. Hela ya mkononi, ile inayokuja kwenye bahasha siku ya mwisho na karatasi ya kusaini haipo, hiyo usiiguse. Waambie kama kuna fedha yoyote ipelekwe kwenye akaunti ya hospitali. Ukirudi, andika taarifa ya ulichojifunza na uwafundishe wenzako. Taarifa hiyo ndiyo itakayokusimamia siku mkaguzi akiuliza.

Kuna moja nakuambia mapema ili usije ukaumia: ukifanya hivi, nafasi inaweza kwenda kwa mtu mwingine.

ZamaniMauzo

Nathibitisha habari ya safu ya tatu. Na dada Fatma, mwakilishi akikujibu kwamba nafasi ni ya jina lako peke yako na haihamishiki, basi umeshajua walikuwa wanamwalika nani.

DaktariWilaya

Nimekwenda kuangalia jalada langu leo. Dokezo la ile warsha halipo. Nimeandika sasa, kwa tarehe ya leo, nikaeleza nililipiwa na nani na nini. Mganga Mfawidhi amelipokea. Ameuliza kama tunaweza kuiandikia ile kampuni watoe nafasi mbili kila mwaka kwa hospitali, tuchague wenyewe. Tunaandika wiki hii.

FatmaMaabara

Kaka zangu na dada zangu, narudisha majibu.

Mwakilishi alichukua siku mbili kujibu. Barua imekuja, imepigwa mhuri, nafasi moja. Mkuu akatoa mkataba kwenye kabati. Mafunzo ya watumiaji wawili kila mwaka yamo ukurasa wa tisa, na miaka miwili iliyopita hatukuwahi kuyadai. Amewaandikia waongeze nafasi ya pili.

Waliochaguliwa ni kaka wa zamu ya usiku na dada wa dharura, wao ndio wanaobaki na mashine peke yao saa nane za usiku ikianza kulia. Mimi simo, kwa sababu ya oda. Nimeumia kidogo, siwezi kusema uongo. Dar sijafika tangu nimalize chuo.

Jana tumekaa wote watatu tukaandika maswali ya kwenda nayo. La kwanza ni lile la potasiamu inayopanda kila tukibadilisha chupa, ambalo kwa simu wamekuwa wakiniambia ni maji yetu. Nimewapa na daftari langu la majibu ya miezi sita wakamwonyeshe fundi wao.